Mustakabali Uliozidi Kiwango

Jina la nchi yetu sitalitaja. Si kwamba naogopa. Kulitaja kunahitaji kibali, na ofisi ya vibali imefungwa tangu karani wake alipokwenda makao makuu kuomba kibali cha kuifungua. Inatosha mjue kwamba ni nchi nzuri, yenye amani, na wanaosema vinginevyo wamekusanywa mahali pamoja ambako wanalala na kula bure.

Mimi ni muumini wa Usharika wa Betania, mjini Lumbesha. Nakaa benchi la nne upande wa kushoto. Nina miaka sabini na moja, na kwa sababu bado naendesha baiskeli, usharikani nilikuwa Mkuu wa Idara ya Vijana. Nayasimulia haya kama nilivyoyaona, wala sina nia ya kumkejeli mtu yeyote, hasa aliye madarakani.

Mwaka ule Bunge lilipitisha Sheria ya Mustakabali. Kila taasisi nchini ilitakiwa ithibitishe kwamba ina kesho, na kipimo cha kesho ni umri: jumlisha miaka ya watu wote waliopo, gawa kwa idadi yao, na jibu likizidi hamsini basi taasisi haina mustakabali, na jengo lake linachukuliwa na serikali. Wabunge waliipitisha kwa kauli moja, ingawa shughuli ilichelewa kidogo kwa kuwa watatu walihitaji kuamshwa na mmoja alikuwa amefariki tangu Jumatatu. Serikali yenyewe haikuguswa. Waziri alifafanua redioni kwamba Mlezi Mkuu wa nchi, mwenye miaka tisini na miwili, hahitaji kuwa na mustakabali kwa sababu yeye ndiye mustakabali. Tulipiga makofi. Tulikuwa majumbani mwetu, lakini tulipiga.

Sisi Betania tulikuwa watu arobaini na watatu. Tulijumlisha, tukagawa, tukapata sabini na tatu. Mchungaji Obadia akamwomba Bibi Eunike aseme ukweli, tukajumlisha upya, tukapata sabini na nne. Ubatizo wa mwisho ulikuwa umefanyika miaka kumi na mmoja nyuma, na mtoto mwenyewe alihama na wazazi wake wiki iliyofuata. Katika beseni la ubatizo mchungaji alikuwa akiweka miavuli.

Barua ya wizara ilitupa miezi sita. Isipoonekana dalili ya kesho, kanisa letu lingegeuzwa Makumbusho ya Vijana. Tulicheka kidogo, kisha tukanyamaza, kwa sababu mawe ya kanisa lile tuliyabeba wenyewe kutoka mtoni tukiwa na nguvu zetu, na nyuma ya ofisi ya mchungaji wamelala wake na waume wa karibu nusu yetu.

Mwenyekiti wa baraza la wazee alikuwa Mzee Zefania Lukumbo. Maisha yake yote ya kazi alikuwa mkuu wa stesheni ya reli, na miaka kumi na tisa ya mwisho hakuna treni iliyopita, maana serikali ilikuwa imeazima reli kujengea jukwaa la sherehe. Hata hivyo Mzee Zefania alifika stesheni kila siku saa kumi na mbili asubuhi, akapiga filimbi, akawatangazia watu wasiokuwepo kwamba treni imechelewa. Alikuwa mtu mwaminifu kabisa. Watu walimheshimu, lakini ile heshima ya kumpisha njiani. Sijawahi kumwona mtu akimkimbilia.

Alituandikia Mpango Mkakati wa Kuwafikia Jirani na Kuwavuna Vijana, wenye kurasa mia moja na kumi na mbili, kamati ndogo kumi na moja, na mchoro wa mti ambao mizizi yake iliitwa Dira na matawi yake Tathmini. Alitusomea wote. Tulianza ibada saa tatu, tukatoka saa tisa na nusu, na Bibi Eunike ilibidi abebwe.

"Kuna swali?" aliuliza mwishoni.

"Lipo moja," alisema Bibi Damari Sekiete kutoka benchi la nyuma. "Hao vijana wenyewe, kuna mtu amewauliza wanataka nini?"

"Hiyo ipo ukurasa wa tisini na nne, dada Damari. Itaundwa kamati."

Kazi ya kwanza ya mpango ilikuwa Siku ya Vijana. Mimi kama mkuu wa idara nilizungusha barua za mwaliko zenye mhuri kwa baiskeli, nyumba hadi nyumba. Siku ilipofika tulikaa wazee arobaini na wawili tumevaa fulana za njano, tukitazama mlango. Saa ya kwanza hakuja mtu. Saa ya pili akaja kijana mmoja wa miaka thelathini na minne, akachungulia, akauliza kama msiba ni hapa. Tulimkalisha, tukampa soda, tukaandika jina lake. Alipofahamu kwamba hakuna aliyekufa aliondoka. Mzee Zefania aliandika kwenye taarifa kwamba vijana wote waliohudhuria walihudumiwa.

Nimesema tulikuwa arobaini na wawili. Wa arobaini na tatu, Bibi Damari, alikuwa amekaa barazani kwenye benchi, kwa sababu miguu ilikuwa inamsumbua. Alikuwa na miaka themanini na moja. Kabla ya kustaafu alifanya kazi ya ukarani katika Masjala Kuu ya Fomu, na hakuna fomu katika nchi yetu ambayo haikupita mikononi mwake. Ndipo akamwona msichana ameketi kwenye ngazi za kanisa, analia huku ameshika karatasi.

"Shikamoo, bibi," msichana alisema, akifuta uso haraka.

"Marahaba, mama. Nani amekuliza?"

Jina lake lilikuwa Yusta, miaka ishirini na sita, fundi wa pikipiki. Alitaka kufungua gereji yake. Ili apate leseni alitakiwa kwanza awasilishe Fomu Namba Tisa, ambayo inathibitisha kwamba mwombaji yupo. Alikuwa amekataliwa mara kumi na moja.

Bibi Damari alivaa miwani. "Ni swali la saba," alisema. "Siku zote ni la saba."

Swali la saba linasema: *Kama hupo, eleza sababu.* Ukiacha wazi, fomu inarudishwa kwa kuwa haikukamilika. Ukijibu, inarudishwa kwa kuwa umekiri hupo. Bibi Damari alimwomba Yusta kalamu, akapiga mstari mmoja mnyoofu katikati ya nafasi ile, akamwambia atie sahihi juu ya mstari, si chini.

"Basi?"

"Basi. Aliyeitunga alikuwa mkubwa wangu wa kazi. Alikuwa mtu mwenye uchungu sana, mke wake alimkimbia. Haya, niambie, unaishi na nani?"

Walizungumza hadi tulipotoka na fulana zetu za njano. Baada ya siku nne Yusta akawa yupo kisheria, na kwa furaha akawaambia wateja wake wote.

Jumanne iliyofuata walikuja barazani wanne. Jumanne ya pili ishirini. Kufikia ya tano foleni ilitoka barazani, ikazunguka kisima, ikafika barabarani. Walikuwepo waliokataliwa kuoa kwa sababu fomu zao zilionyesha tayari ni wajane, na jamaa mmoja ambaye serikali ilimtambua kama trekta. Bibi Damari aliwapokea mmoja mmoja. Aliuliza jina, aliuliza habari za nyumbani, kisha ndipo akaomba karatasi.

Jumanne ni siku ya mazoezi ya kwaya. Sauti ya tatu ilikuwa haina mtu tangu Mzee Amosi apate ganzi ya taya. Vijana waliokuwa wakingoja foleni walivumilia uimbaji wetu wiki mbili. Ya tatu mmoja akaingia akasema, "Samahani wazee wangu, hapo mnaposhuka, si pa kushuka." Akatuonyesha. Wakaingia wengine. Jumapili ile kulikuwa na vijana sitini ibadani, na Mchungaji Obadia alipowaona alisahau mahubiri yake, akasimama tu akitabasamu mpaka sadaka.

Ungedhani Mzee Zefania angefurahi. Hata yeye alidhani hivyo. Lakini mimi nilimwona. Alikuwa akisimama kwenye dirisha la ofisi ya mchungaji, amelisogeza pazia kidole kimoja, anahesabu vichwa huku midomo ikicheza.

"Mia moja na tisa," aliniambia siku moja bila kugeuka. "Mpango wangu una kurasa mia moja na kumi na mbili. Wake una nini? Una benchi!"

"Lakini mwenyekiti, si ndio tuliokuwa tukiwaomba?"

"Foleni si huduma. Mimi naijua foleni. Angalia wanavyomtazama! Wanamtazama kama... kama..." Aliachia pazia.

Siku iliyofuata benchi lilifungiwa stoo kwa matengenezo. Vijana walimletea Bibi Damari kiti cha pikipiki wakakifunga juu ya tofali, akasema ni laini kuliko benchi. Mzee Zefania akatunga Fomu ya Kuomba Kufanya Huduma Barazani, kurasa sita, akampelekea mbele ya watu wote. Bibi Damari aliijaza kwa muda wa kumenya chungwa, akamrudishia.

"Nimemaliza, mwenyekiti. Ila hapa mlipoandika 'sahihi ya mwombaji' ndipo mlipotia sahihi yenu. Kwa hiyo aliyeomba ni ninyi, na mimi nimewakubalia."

Vijana walicheka. Hawakucheka kwa ubaya. Lakini kicheko kilikuwa kirefu, na Mzee Zefania alikisikia chote hadi mwisho, amesimama na kurasa zake sita. Kisha akaenda ofisini, akafunga mlango, akamwandikia barua Mkuu wa Jimbo.

Nimeiona barua hiyo. Ilisema kuna mkusanyiko wa watu wenye umri mdogo, unaofanyika kila Jumanne, bila kamati. Jambo moja lilinishangaza: jina la Bibi Damari halikuwemo. Mzee Zefania alikuwa amelianza mara tatu na kulikata mara tatu. Nilidhani ni huruma. Baadaye aliniambia mwenyewe kwamba hakutaka jina lile lisomwe na mtu mkubwa.

Mkuu wa Jimbo letu, Mheshimiwa Gervasi Mpelembe, alikuja mwenyewe, na magari tisa, askari wawili na mkadiriaji wa umri. Ilikuwa Jumanne. Siku moja kabla alikuwa amehutubia mkutano wa hadhara kwenye uwanja wa mpira, na walihudhuria watu arobaini, wote watumishi wa ofisi yake, wakiwa wamesaini daftari la mahudhurio. Alishuka garini, akaitazama foleni yetu kutoka barabarani hadi barazani. Alivua miwani ya jua.

"Hawa wamekuja wenyewe?" alimuuliza Mchungaji Obadia.

"Wenyewe, mheshimiwa."

"Bila lori?"

"Bila lori."

"Bila fulana?"

"Fulana tulizivaa sisi, mheshimiwa. Siku hiyo hawakuja."

Nilimtazama mheshimiwa usoni na nikaona kitu nilichokuwa nimekizoea. Kilikuwa kile kile cha dirishani, ila hiki kilikuwa na askari.

Mkadiriaji aliwahesabu wote waliokuwepo, kama sheria inavyotaka. Watu mia tatu arobaini na watatu. Wastani wa umri: miaka thelathini. Sisi wazee tulishikana mikono. Bibi Eunike akaanza pambio. Kanisa limepona!

"Subirini," alisema Mkuu wa Jimbo.

Tuliingizwa kanisani, wazee mbele, vijana wamejaa hadi madirishani. Mheshimiwa alipanda kwenye mimbari.

"Wananchi wapendwa," alisema, "serikali yenu sikivu inapenda mustakabali. Inaupenda kiasi kwamba imeuweka chini ya uangalizi wake. Sheria inasema taasisi isikose mustakabali. Je, inasema ijichukulie mustakabali kadiri inavyotaka? Kila jimbo lina mgawo wake wa kesho! Nyie hapa mmejilimbikizia kesho ya jimbo zima!" Alipangusa jasho. "Si hilo tu. Kwa muda wa wiki tisa ofisi yangu imepokea fomu mia nne zisizo na kosa. Mia nne! Mnajua maana yake? Maana yake inabidi tuwajibu! Nina watumishi wenye miaka thelathini kazini ambao hawajawahi kumjibu mtu. Wawili wamelazwa."

Mchungaji alikuwa ameinamisha kichwa.

"Sasa nauliza. Nani huyu? Nani amefanya kwa wiki tisa jambo ambalo sisi kwa miaka thelathini, na malori, na ngoma, na pilau, tumeshindwa? Nani aliyewavuta watu hawa?"

Alikusudia kutisha. Lakini yeye mwenyewe alikuwa akiungua, kwa hiyo sauti ilitoka kama anayetaka kutoa nishani. Watu wote, vijana mia tatu, walimgeukia Bibi Damari. Hawakumtaja, walimgeukia tu bila kujijua. Yusta machozi yalikuwa yanamtoka. Bibi Damari alishika ukingo wa benchi na kuanza kuinuka, na kwa magoti yale kuinuka kulichukua muda.

Mzee Zefania alikuwa amekaa mbele yake. Aligeuka nyuma, akaziona zile nyuso. Niliona shingo yake ikivimba. Akaruka juu kama mtu aliyechomwa.

"Mimi!" alipiga kelele. "Ni mimi! Wazo ni langu, mpango ni wangu, kurasa mia moja na kumi na mbili, ninazo!"

Askari wakamchukua.

Alishitakiwa kwa kosa la kuvutia watu bila kibali. Mwendesha mashtaka alileta Mpango Mkakati kama kielelezo na kuanza kuusoma, na kufikia ukurasa wa arobaini hakimu alisema ameridhika kwamba hakuna aliyevutiwa na kitu hicho. Hata hivyo mshtakiwa alishikilia kwamba ni yeye. Akapewa miezi mitano.

Basi hapo ndipo mji ulipopagawa. Kwamba mzee wa miaka sabini na saba amejitoa kwa ajili ya bibi wa themanini na moja! Vijana walikwenda kila jioni ukutani kwa gereza kuimba jina lake. Yusta aliliandika kwenye kibao cha gereji yake: LUKUMBO MATENGENEZO YA PIKIPIKI. Wafungwa walimwachia godoro lenye unene. Mtu aliyetangaza treni zisizokuja sasa alikuwa akisikia mamia ya watu wakimwita, na hakuweza kula.

Siku ya kutembelea wafungwa nilimpeleka Bibi Damari kwa baiskeli. Walikaa wakitazamana kupitia wavu, mimi nikiwa pembeni nikijifanya sisikii.

"Dada Damari," alisema, "ile barua niliiandika mimi."

"Najua."

"Na siku ile sikusimama kwa ajili yako. Nisikilize vizuri. Sikusimama kukuokoa."

"Najua, Zefania. Ulisimama kwa sababu walinitazama mimi."

Mzee Zefania alifunika uso. "Sasa wanasema mimi ni shujaa. Waambie ukweli. Siwezi kuvumilia."

"Siwaambii."

"Kwa nini?"

Bibi Damari alirekebisha khanga yake. "Kwa sababu wakijua wataacha kuja, na kesi itarudi kwangu, na mimi gerezani sitaweza kulala na magoti haya." Halafu akasogea karibu na wavu. "Na kwa sababu nimeona aibu. Jana walipita barazani kwangu wakiimba jina lako. Mimi niko pale na miwani yangu, nimejaza fomu thelathini na nane, hakuna hata mmoja aliyemtaja Damari. Nilikuwa na kikombe mkononi, Zefania. Nilikitupa ukutani. Mimi! Mama mtu mzima!"

Mzee Zefania alifunua uso. Alimtazama kwa makini, kama anayekagua tiketi. "Kikombe kizima?"

"Na kisahani chake."

Walianza kucheka polepole, kikohozi kikiingia katikati, mpaka askari jela akaja kuuliza kama kuna mgonjwa.

Mkuu wa Jimbo naye alifungua Benchi la Serikali mbele ya ofisi yake, lenye bendera nne, akakata utepe, akakalia mwenyewe. Alikaa wiki mbili. Mtu mmoja tu alimfikia, akauliza Betania ni njia ipi. Mheshimiwa akaandika taarifa kwamba huduma imezidiwa, akahamishiwa wizara ya uvuvi, katika wilaya isiyo na maji. Cheti chetu cha mustakabali hakikufutwa wala kuthibitishwa. Aliyetakiwa kukisaini ni mmoja wa wale wawili waliolazwa. Kwa sheria ya nchi yetu jambo ambalo halijasainiwa linaendelea, na sisi tunaendelea.

Mzee Zefania alipotoka tulimchinjia mbuzi. Alikataa kuketi meza kuu. Jumanne ile alibeba kiti chake kutoka nyumbani, akakiweka barazani upande wa pili wa mlango, akamwambia Bibi Damari, "Nifundishe swali la saba."

Alimfundisha. Alikuwa mwanafunzi mgumu, anayetaka kupiga mstari kwa rula mara mbili. Wiki ya kwanza hakwenda mtu kwake. Walimsalimia kwa heshima, wakampisha, wakajipanga kwa bibi. Wiki ya pili vilevile. Alikaa wima, kalamu mkononi, anahesabu foleni ya mwenzake midomo ikicheza.

Wiki ya tatu mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alichoka kusimama. Alitazama foleni, akatazama kile kiti, akatoka kwenye mstari na kuvuka baraza.

Mzee Zefania alisimama. Alikaa. Alitafuta miwani aliyokuwa ameivaa.

"Karibu, mama," alisema. "Jina lako nani? Na huyu mgongoni? Na nyumbani mnaendeleaje?"

Mama akaanza kueleza. Alieleza kwa kirefu, na mzee hakumkatiza hata mara moja. Ng'ambo ya mlango Bibi Damari aliinua kichwa kutoka kwenye karatasi yake, akawatazama juu ya miwani, akawatazama tena.

"Anayefuata," alisema, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.